Land Rover 109 kumwaga petroli kwenye kabureta: kagua sindano na boya kabla ya kununua nyingine

Mkuu, pole sana. Umesema ni Series III ya petroli yenye kabureta ya Zenith, imetoka Tanga, sasa iko Moshi, ukizima injini petroli inaendelea kuchuruzika ndani ya kabureta, na fundi anakwambia ni mwinuko, ununue kabureta nyingine. Hiyo hela usiitoe kwanza. Ninayo gari kama hiyo hapa Arusha na ugonjwa huo naujua.

Mwinuko hauhusiki. Moshi iko mita 800 na kitu, Arusha karibu 1,400. Hewa ikiwa nyepesi petroli inazidi kwenye mchanganyiko: moshi mweusi, plagi zinashika masizi, nguvu inapungua. Lakini haiwezi kufanya mafuta yachuruzike injini ikiwa imezimwa. Hapo mafuta yamepanda kupita kiasi ndani ya bakuli la kabureta, na kazi ya kuyazuia ni ya boya na sindano: boya likipanda, sindano inaziba njia ya mafuta, kama kwenye simtanki. Kuzungusha skrubu ya sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hakugusi kitu hapo.

Kabla hujaiwasha tena, chomoa dipstiki unuse oili. Ikinuka petroli, imwage yote uweke mpya, maana petroli inashuka kwenye silinda na kuharibu ulainishaji. Na kwenye injini hii manifodi ya ekzosi iko chini ya kabureta. Petroli ikidondokea pale ni moto, kwa hiyo tafadhali usiendeshe hivyo hivyo hata kwenda gereji.

Sasa fungua kifuniko cha juu na ukigeuze chali, boya liegemee sindano kwa uzito wake. Pulizia kwa mdomo pale bomba la mafuta linapoingilia. Hewa ikipita, sindano haizibi. Ichomoe uitazame ncha juani. Ukiona duara limechimbika, au ukucha unakwama ukiupitisha, hiyo imekwisha, badilisha pamoja na kiti chake, yaani tundu inaloliziba. Ile washa (pete nyembamba) iliyo chini ya kiti usiisahau wala usiweke nyembamba kuliko ya zamani: ikikosekana, boya linafunga limeshachelewa na mafuta yanakaa juu.

Boya litikise sikioni, kisha lizamishe kwenye maji ya moto. Likitoa mapovu limetoboka.

Yangu ilikuwa na kisa kingine. Sindano nzima, boya zima, nikisafisha inatulia, halafu baada ya muda inaanza tena. Nilikuja kukuta punje nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, zimenasa kwenye ncha. Zilitoka kwenye mpira wa mafuta kati ya pampu na kabureta. Kwa nje ulionekana mpya kabisa, kumbe ndani unamenyuka kwa petroli. Filta ilikuwa upande wa tangi, kabla ya pampu, kwa hiyo punje zilipita bila kizuizi. Niliweka mpira halisi wa petroli na filta ndogo karibu na kabureta, na hadi leo ni kavu. Gari yako ikiwa ilikaa muda mrefu Tanga, kutu ya tangi nayo itafanya hivyo hivyo.

Pia tuambie pampu yako ni ipi. Ile ya asili inayoendeshwa na kamshafti inasukuma kwa presha ya psi chache tu. Kuna watu wanafungiwa pampu ya umeme ya gari la EFI (lisilo na kabureta), ambayo inasukuma psi 35 na zaidi. Hakuna sindano itakayohimili hapo, hata utoe kabureta mpya kwenye boksi.

Ukikuta hayo yote ni mazima na bado inakunywa hovyo ikiwa sailensi, tazama oringi (pete ya mpira) iliyo kati ya kifuniko na kile kipande cha jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, na uweke rula kwenye uso wa kifuniko. Zenith hizi zinajulikana kwa kupinda pale. Oringi ni bei ndogo, na uso unasawazishwa kwa msasa laini juu ya kioo.

Ukishafungua, weka picha ya ncha ya sindano hapa tuione.