Mtoto amenyamaza chekechea ya ugenini: je, tuache lugha ya nyumbani?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Tulihamia nchi ya kigeni miezi mitatu iliyopita kwa sababu ya kazi ya mume wangu, pamoja na binti yetu mwenye umri wa miaka mitatu na nusu. Nyumbani anazungumza bila kupumzika, lakini walimu wa chekechea wanasema hajatamka neno hata moja tangu aanze. Ameanza tena kukojoa kitandani, ilhali alikwisha kuacha. Mwalimu ametushauri tuzungumze naye lugha ya huku hata nyumbani ili azoee haraka. Je, ushauri huo ni sahihi, na ukimya huu ni ugonjwa? Pia kliniki ya huku imekataa kuihesabu chanjo yake ya surua aliyopata akiwa na miezi tisa na wanataka achanjwe upya. Je, hatadhurika?

JIBU: Mama, pole kwa uzito wa kuhama, na nakushukuru kwa kuniandikia mapema. Nianze na lile ambalo mkilikosea litakuwa gumu kulirekebisha baadaye: msiiache lugha yenu nyumbani. Sina shaka kwamba mwalimu amesema kwa nia njema, lakini mtoto hajifunzi lugha ya pili kwa kunyang'anywa ya kwanza. Yale anayoyajua kwa lugha ya nyumbani, kama vile kuhesabu, kusimulia tukio kwa mfuatano wake, kueleza sababu ya jambo na kutaja anachohisi, huyahamishia kwenye lugha mpya pindi anapopata maneno yake. Isitoshe, mzazi anayejilazimisha kutumia lugha asiyoimudu hufupisha sentensi, huacha kusimulia na kutaniana, na hatimaye mazungumzo ya nyumbani hubaki kuwa amri tupu: njoo, kaa, kula, lala. Hapo mtoto anakuwa amepoteza mahali pekee alipokuwa akisikia lugha iliyokamilika, na bado chekechea hajaipata nyingine. Lugha ya huko ataisikia kwa saa nyingi kutoka kwa walimu na watoto wanaoizungumza vizuri. Yenu hana pa kuipata ila kwenu.

Kuhusu ukimya, kwa maelezo uliyonipa sioni dalili ya ugonjwa. Mtoto anapoingia mahali ambapo lugha yake haieleweki, mara nyingi huendelea kuitumia kwa muda, na akishagundua kwamba hakuna anayemjibu, hunyamaza. Kipindi hicho huweza kuchukua wiki chache au miezi kadhaa, na kwa watoto wadogo huwa kirefu zaidi kuliko wazazi wanavyotarajia. Baadaye huanza kutumia neno mojamoja na vifungu alivyovikariri vizima, kama vile salamu au maneno ya mchezo, kisha huunda sentensi zake mwenyewe. Anaponyamaza hakai bure, kwani anasikiliza na kuchunguza nani anasema nini na wakati gani. Mtazame anapocheza akidhani hakuna anayemwona. Si ajabu ukamkuta amewapanga wanasesere mstari mmoja, anawaamuru kwa sauti ya mwalimu, na kati ya maneno machache anayoyajua anatia sauti zisizo na maana lakini zenye lafudhi na mahadhi yaleyale ya lugha mpya.

Swali la kumuuliza mwalimu, kwa hiyo, si kama mtoto anazungumza, bali kama anawasiliana. Je, anaonyesha kwa kidole, anatikisa kichwa, anamvuta mwenzake mkono, anafuata wengine wanapokwenda kunawa, anacheka kinapotokea cha kuchekesha? Mtoto anayefanya hayo yuko njiani. Nitakuwa na wasiwasi zaidi nikisikia kwamba anakakamaa, uso haubadiliki, hachezi, na hathubutu hata kuomba kwenda msalani kwa ishara. Ipo hali inayotokana na hofu, ambapo mtoto huzungumza vizuri nyumbani na kushindwa kabisa mahali pengine. Kwa kawaida hatuifikirii kabla ya ukimya kuzidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, na kwa mtoto anayejifunza lugha mpya hatuharakishi hata baada ya hapo. Tunachotazama ni kama ananyamaza hata mbele ya watu wanaozungumza lugha yake, kwa mfano mgeni aliyekuja nyumbani au ndugu anayepiga simu ya video. Ukiona hivyo pamoja na kukakamaa, usisubiri. Omba apelekwe kwa mtaalamu.

Vivyo hivyo, kasoro halisi ya lugha haijifichi katika lugha moja tu. Mtoto wa umri wa binti yako, kwa lugha ya nyumbani, anapaswa kuunga maneno matatu au zaidi katika sentensi, kuelewa maagizo yenye hatua mbili, na kusema kwa namna ambayo mtu asiyemzoea ataelewa sehemu kubwa. Unaposema anazungumza bila kupumzika, umeniondolea nusu ya wasiwasi wangu. Kama ingekuwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo katika lugha ya nyumbani, ningekuambia umpeleke hospitali bila kukawia.

Hata hivyo, naomba apimwe usikivu. Watoto wanaoanza chekechea hupata mafua mara kwa mara, na mafua yanaweza kuacha majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, bila maumivu wala homa, yakapunguza usikivu kwa wiki kadhaa. Nyumbani, katika utulivu na lugha anayoijua, mtoto hukisia yaliyobaki. Chekechea, penye kelele na lugha ngeni, hana cha kukisia. Mara nyingi majimaji hayo huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu, lakini mwalimu akijua, atamkalisha karibu na kuzungumza naye ana kwa ana.

Mwombeni mwalimu asimlazimishe kujibu mbele ya wenzake wala asimshangilie kwa sauti siku atakaposema neno la kwanza, maana kushangiliwa nako humwogopesha mtoto wa aina hii. Ampe maswali ya kuchagua kwa kidole, kisha asubiri kidogo kabla ya kuendelea. Mwandikieni, jinsi yanavyotamkwa, maneno machache ya lugha yenu ambayo mtoto atayahitaji akiwa na shida: maji, choo, naumwa, mama atakuja. Mwonyesheni pia video fupi ya binti yenu akizungumza nyumbani, kwa sababu mwalimu ambaye hajawahi kusikia sauti yake anaweza kudhani hana sauti. Nanyi mwalikeni mtoto mmoja wa darasa lake aje kucheza kwenu. Mmoja anatosha; mbele ya rafiki mmoja, kwenye vitu vyake, maneno hutoka upesi kuliko mbele ya darasa zima.

Kukojoa kitandani hakuhesabiwi kuwa tatizo la kitabibu kabla ya miaka mitano, na kurudi nyuma kidogo baada ya mabadiliko makubwa ni jambo la kawaida. Msimkaripie, wala msimrudishie nepi kama adhabu. Akipata maumivu ya kukojoa au homa, mkojo upimwe. Akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno na kukonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hizo huweza kuwa dalili za kisukari.

Kuhusu surua, kliniki haijamdharau aliyemchanja. Nchi ambazo ugonjwa huo bado unaenea sana huanza kuchanja katika miezi tisa, kwa kuwa hatari iko karibu. Nyingine huanza baada ya mwaka mmoja na hazihesabu dozi ya kabla ya hapo, kwa sababu kingamwili ambazo mtoto alizipata kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi kikamilifu. Kwa mtoto mwenye afya njema, dozi ya ziada haina madhara, basi achanjwe. Ratiba za chanjo nyingine zilizokatizwa kwa kawaida huendelezwa pale zilipoishia bila kuanza upya, ilimradi kuna ushahidi. Kwa hiyo, kadi halisi ya kliniki msiitoe mkononi. Toeni nakala pamoja na tafsiri yake, na katika tafsiri hiyo jina la mwezi liandikwe kwa herufi, kwa maana kuna nchi zinazotanguliza mwezi kabla ya siku, na 03/04 inaweza kusomwa kuwa Machi 4 badala ya Aprili 3, dozi mbili zikaonekana zimetolewa karibu mno na mojawapo ikakataliwa.