Anti, nasuka rasta na napenda nyota, mimi nami ni kipanga?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni msusi hapa Tabora, nina miaka 26, saluni yangu ndogo tu ya viti viwili. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Napenda nyota mpaka basi, sio zile za utabiri hapana, nyota zenyewe za angani. Nilipata darubini ya mitumba ile ya macho mawili, nikifunga saluni naegemea ukuta nje naangalia ile sayari ya Mshtarii (Jupiter), pembeni yake naona vidoa vinne vimejipanga mstari na kila siku vimekaa tofauti, siku moja vikawa vitatu, basi nikaanza kuvichora kwenye kaunta buku, huu mwezi wa tatu sasa. Shida ni mimi nilivyo. Fom foo nilipata divisheni foo, fizikia F, kucha nabandika, singeli ndo usiseme, na naongea sana. Juzi nikaenda walipokusanyika wanachuo wanaopenda haya mambo, kaka mmoja akaniuliza dada umemsindikiza nani? Nikajibu nimepita tu, nikaondoka. Kipanga si yule wa miwani, mkimya, wa kupiga msuli usiku kucha? Mimi si nitaonekana najifanya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "nimepita tu" ndipo paliponiuma, maana hukupita, ulienda, tena nadhani ulivaa ukapendeza na kaunta buku ilikuwa kwenye mkoba.

Hivyo vidoa vinne ni miezi ya Mshtarii. Mwanasayansi Galileo aliviona Januari 1610 kule Italia, na alichofanya ni hichohicho chako, kila usiku anachora vimekaaje, mpaka akaelewa kwamba vinaizunguka ile sayari. Wewe umefika palepale bila mtu kukutuma, baada ya kusimama kutwa nzima unasuka, halafu unaniuliza kama unajifanya? Anayejifanya hachori miezi mitatu mwanangu, angechoka wiki ya kwanza.

Na hiyo F nayo nataka tuiongelee. Erasto Mpemba unamjua? Mwaka 1963 alikuwa fom three shule ya Magamba, wanatengeneza aisikrimu, akaogopa nafasi kwenye friji itaisha akaweka maziwa yake yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Akaenda shule ya Mkwawa kule Iringa akauliza tena, wenzie wakacheka, ila safari hii aliyeulizwa alikuwa Dk Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, naye akaenda kujaribisha kweli, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake. Yeye mwenyewe baadaye akawa mtu wa wanyamapori. Nakuambia haya kwa sababu waliomcheka walikuwa wanamwangalia yeye, swali lenyewe hawakuliangalia, na huyo kaka naye kaangalia kucha.

Mimi hilo la miwani na ukimya silikubali kabisa, tumelitoa shuleni ambako kipanga ni wa kwanza darasani na wengine wote vilaza, basi. Bibi zetu je? Kile kikundi cha nyota kinaitwa Kilimia kwa sababu ya kulima, na msemo upo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walioutunga walikuwa wanashika jembe na wanaimba ngomani, na anga walilijua vizuri sana.

Kwa hiyo kucha bandika, singeli cheza, wateja wako wakiwa wanasukwa waambie ulichoona jana, wengine watataka na wao kuangalia. Na kule kwa wanachuo rudi, nenda na kaunta buku uifungue mezani. Ukiulizwa umemsindikiza nani sema nimekuja mwenyewe, nina michoro ya miezi mitatu. Kuanzia leo kila mchoro weka na saa, sio tarehe peke yake, maana katika hiyo minne, unaoitwa Io ndiye mwenye haraka, anazunguka chini ya siku mbili, wakati mwingine, Callisto, anachukua karibu siku 17, na ukiwa na saa utaanza kuwatambua mmoja mmoja. Ile siku uliyoona vitatu, wa nne huenda alikuwa amejificha nyuma ya Mshtarii au anapita mbele yake. Fungua ukurasa wa kesho yake uangalie alitokea upande gani, kisha uniandikie.