Pesa za mawasiliano si za kutupwa

Ndugu ulouliza mbona mradi wa wafadhili uweke pesa kwa mawasiliano, yaani kuongea na jamii, ilhali watu bado hawana maji, mi naona hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe. Angalia jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, 2003: chanjo ya polio ilikuwepo lakini uvumi ukaenea ati inafunga uzazi, jimbo likaisimamisha karibu mwaka mzima na virusi vikavuka mpaka nchi zilokuwa zishaimaliza polio. Ilirudi 2004 baada ya viongozi wa dini kuhusishwa na chanjo kuletwa kutoka Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi, hapo ndo watu wakaiamini.

Mawasiliano si mabango na tisheti zenye nembo ya mfadhili, hizo mi nazipinga kabisa. Hapa Mombasa ukitaka mama wa Likoni ama Kisauni akusikize, mtafute mzee wa mtaa, imamu, pasta, ingia redioni kwa Kiswahili alafu ruhusu simu zipigwe uulizwe maswali magumu, na ukiulizwa bajeti itaje. Na muanze kabla mradi haujachorwa, sio siku ya kukata utepe.