Upanga gani kwa mpiganaji wangu, na sime inaruhusiwa?

SWALI: Sasa mhariri. Niko Buruburu, na Jumapili tukitoka kanisa huwa tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya kuigiza karakta kwa dadu, kwa binamu yangu huko Umoja. Mganga wangu alikufa so saa hii natengeneza karakta mpya, mpiganaji wa levo ya kwanza, binadamu, Nguvu 16, Wepesi 12. Sasa kelele yote ni ya upanga. Binamu mmoja anasema nichukue ule mkubwa wa mikono miwili, mwingine ananiambia rapia, ule upanga mwembamba wa kuchoma, ndio ya wajanja, na kitinda mimba wetu hataki kuskia kitu ingine isipokuwa katana. Mimi kwa roho nataka sime kama ile guka alikuwa anaeka juu ya kabati. Tunatumia kitabu cha sheria cha 2014. Nichukue gani?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Dadangu, hao mabinamu wanakuuzia sura ya upanga na hakuna hata mmoja ameangalia namba zako. Kwa hii gemu uliza maswali mawili tu, kati ya Nguvu na Wepesi ni gani iko juu, na ule mkono mwingine utashika nini.

Rapia tuimalize haraka. Raha yake ni kwamba inakubali utumie Wepesi badala ya Nguvu, sasa wewe mwenye Wepesi 12 hio raha itakusaidia na nini? Inarusha dadu ya pande 8 sawa tu na upanga mrefu, na dukani ni dhahabu 25 wakati upanga mrefu ni 15. Waachie wale wa karakta za wezi. Katana nayo, mwambie huyo kitinda mimba afungue kitabu cha DM (yule anayeendesha gemu) cha 2014, ataikuta kwa orodha ya majina, ni upanga mrefu umebatizwa upya, hakuna pointi hata moja ya ziada.

Ule mkubwa ndio mshindani wa ukweli. Unarusha dadu 2 za pande 6, wastani 7, weka 3 ambazo Nguvu 16 inakupa unapata 10, na ukichagua staili ya kupigana na silaha kubwa unarusha tena dadu zikitoa 1 au 2 so unapanda mpaka kama 11. Iko juu, sikatai. Lakini umeshika kwa mikono miwili, maanake hakuna ngao, na ngao ni pointi 2 za kinga. Hizo 2 watu huzidharau sana. Chukua jini mdogo wa kawaida, goblini, yeye huongeza 4 kwa dadu yake ya pande 20: ukiwa na deraya ya minyororo peke yake kinga yako ni 16, anakupata akitoa 12 kwenda juu. Ukishika ngao inakuwa 18 na sasa anahitaji 14. Kwa mpiganaji anayesimama mbele ya wenzake kila vita, hio ni damu nyingi haimwagiki, na mganga wenu (kama kuna mwingine, pole kwa msiba) atakushukuru.

Sasa sime. Sime za ukweli zinakata pande zote mbili na zinapanuka zikielekea ncha, uzito uko mbele, ndio maana ikishuka inakata vibaya sana. Kitabu hakina sime. Hata hivyo simita, ule upanga uliopinda, ni wa kukata, mwepesi, dadu ya pande 6, so muombe DM akupe namba za simita na umbo la sime ya guka, sioni DM wa kukataa hio maana haibadilishi chochote kwa meza. Halafu chagua staili ya kupigana na silaha moja, inakuongezea 2 kwa kila pigo, na ngao haihesabiki kama silaha so hauipotezi. Piga hesabu: wastani wa dadu 3.5, Nguvu 3, staili 2, jumla 8.5. Upanga mrefu kwa mpango huo huo ungekupa 9.5. Tofauti ni pointi moja! Huyo goblini ana uhai 7, ukimpata na sime anakufa papo hapo isipokuwa dadu ikikupa 1.

Mimi ningechukua sime na ngao bila kufikiria mara mbili, na ngao yenyewe ningeichora ile ya Wamaasai ya ngozi ya nyati. Usiniambie ati sasa unataka sime mbili, moja kila mkono, maana pigo la pili haliongezewi Nguvu mpaka uchukue staili yake, na ngao utakuwa umeiacha nyumbani.

Pesa usiwaze. Mpiganaji anaanza na deraya ya minyororo, silaha moja ya kivita na ngao kwa ule mzigo wake wa mwanzo, simita iko kwa hio orodha. Ongea tu na DM kabla ya Jumapili.