Kabla ya kuulizia dripu mpya ya Alzheimer

Msomaji ameniandikia kuwa mama yake ameanza kusahau, naye amesikia kuna dawa mpya ya Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, "inayosafisha ubongo". Anataka kujua ataipataje. Wengi huanzia hapo, ilhali hilo ndilo swali la mwisho.

Dawa zipo kweli. Lecanemab ilipata idhini kamili Marekani Julai 2023, donanemab ikafuata Julai 2024. Zote huingizwa kwa dripu na huondoa amiloidi, protini inayoganda katikati ya seli za ubongo. Kilichokwisha kupotea hazikirudishi. Katika jaribio kubwa la lecanemab la miezi 18, walioipata walidhoofika polepole zaidi kwa asilimia 27 kuliko waliopewa dripu tupu isiyo na dawa, ili kulinganisha. Kwenye kipimo cha kumbukumbu na shughuli za kila siku chenye alama 18, tofauti ilikuwa alama 0.45. Ni kidogo, sitaipamba. Tena dawa hizi ni za hatua za mwanzo tu, kwa mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na amiloidi, na lazima apigwe picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za jeni ya APOE4, kwa hiyo dai kipimo cha jeni hiyo kwanza.

Lakini je, ni Alzheimer kweli? Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea na sonona huiga ugonjwa huu, na vyote vinatibika. Mzee aliyeanguka, hata wiki kadhaa zilizopita, apigwe picha ya kichwa: huenda damu imekusanyika juu ya ubongo.

Kisha mwaga mezani dawa zake zote, hata za mafua. Tafuta diphenhydramine (ya mafua na mzio), amitriptyline (ya sonona na maumivu) na oxybutynin (ya kutuliza kibofu). Hizi huzuia asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu huitegemea. Donepezil, dawa ya zamani ya Alzheimer, hufanya kinyume: huilinda isivunjwe. Sasa tazama mtego. Donepezil inaweza kumfanya mgonjwa abanwe na mkojo kila mara. Daktari mwingine anamwandikia oxybutynin. Dawa mbili zinavutana ndani ya mwili mmoja, na familia inadhani ugonjwa umepamba moto. Usiziachishe mwenyewe. Mpelekee daktari mfuko mzima.

Donepezil huanza kwa miligramu 5 kwa siku, na baada ya wiki 4 hadi 6 daktari anaweza kupandisha hadi 10. Ukiharakisha, kichefuchefu na kuhara vitamfanya aikatae. Akiota ndoto za kutisha, muulize daktari kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya usiku. Akizirai, mwahishe hospitali: huenda mapigo ya moyo yameshuka mno.