Nahamia Unguja, nikodi nyumba wapi?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mie wa Chake Chake, nimepata kazi Malindi karibu na bandarini, nakuja na watoto wawili. Dalali ananivutia Fuoni anasema rahisi, rafiki yangu anasema Bububu. Nishike lipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Kazi yako iko Malindi, basi mie nakuelekeza njia ya Bububu, ukiona nyumba Mtoni au Beit el Ras ndo bora zaidi, daladala za namba 502 zinashuka moja kwa moja mjini wala hubadilishi. Fuoni kodi inaweza kuwa nafuu kweli lakini kila asubuhi unapita Mwanakwerekwe, na ile foleni ya pale we acha tu, na watoto nao wanataka kuwahi skuli. Mbweni kuzuri ila huko bei wageni wameshaipandisha, na kazi yako haiko upande huo.

Usilipe kwa picha za simu! Nyumba kaitazame mwenyewe, na ukiweza nenda mvua ikinyesha, maana masika ndo utajua maji yanatuama wapi. Fungua mfereji (bomba la maji), uliza majirani (sio dalali) maji yanatoka siku gani, na tukuza (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, hapo ndo watu wanagombana. Wengi watataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, andikianeni mkataba. Ukishahamia tu nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako, ukajitambulishe.