Stata ya kiwandani kwenye lori la zamani inadumu mpaka lini?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Nina lori la dizeli la mwaka 1993, volti 24, na stata yake (mota ya kuwashia injini) ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kufunguliwa. Inapiga vizuri tu, ila siku hizi kuna asubuhi nawasha inalia "ta!" halafu kimya, nikirudia mara ya pili ya tatu inazungusha injini kama kawaida. Wenzangu wananiambia umri wake umeisha, niitoe niweke mpya kabla haijanilaza njiani. Kwani hizi stata za kiwandani zinaishi miaka mingapi?
– Dereva wa lori la zamani

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kulitunza lori. Tuanze na hiyo miaka maana ndo inawachanganya wengi. Stata haizeeki kwa miaka wala kwa kilometa, inazeeka kwa idadi ya mara inazopigwa, na kila mara imefanya kazi muda gani. Chukua lori la safari ndefu linalowashwa mara 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hapo ni mara 600. Sasa chukua la kusambaza bidhaa linalozimwa na kuwashwa mara 30 kwa siku, hilo ni mara 9,000 kwa mwaka, yaani mwaka wake mmoja ni miaka 15 ya mwenzake! Ndo maana utakuta stata ya kiwandani imefika miaka 30 na bado inadunda, na nyingine haikumaliza hata mitano.

Halafu kuna injini yenyewe. Injini inayoshika mara moja haiichoshi stata, ila kama plagi za kupashia moto zimekufa au paipu ya dizeli inaingiza hewa usiku, kila asubuhi stata inateseka kwa kosa lisilo lake. Usiishikilie zaidi ya sekunde 10 hivi, isipowaka achia, iache ipoe dakika 2 ndo urudie, maana joto ndilo linalounguza waya za ndani. Na angalia kama sili ya nyuma ya injini inavuja, oili ikiingia ndani ya stata inachanganyika na vumbi la kaboni inakuwa tope jeusi, kaboni (vile vipande vya kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya stata) zinakwama hazigusi vizuri.

Sasa hiyo "ta!" yako. Usikimbilie kununua stata, anza na betri. Betri zako mbili zikiwa zimejaa na gari limelala usiku kucha, kwa pamoja zisome volti 25 na kidogo, mtu akipiga stata wewe ukiangalia mita zisishuke chini ya 19 hivi. Pima na kila moja peke yake maana moja ikichoka inamvuta na mwenzake. Kisha fungua vichwa vya waya usafishe mpaka chuma king'ae, na ule waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye betri) unaoshika chesisi na injini pia, huo watu wanausahau sana na kwenye gari la umri huo huwa umeliwa na kutu.

Ukikuta huko kote kuko sawa, basi mimi macho yangu yako kwenye selenoidi, yaani ile swichi kubwa ya umeme ya stata. Ukiwasha, ile pistoni ya ndani yake inasukuma bendeksi (gia ndogo ya stata) ikashike meno ya flaiwili (gurudumu kubwa la nyuma ya injini), na ikifika mwisho inabana kisahani cha shaba kwenye vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite. Kila inapobana pale panaruka cheche, na miaka yote hiyo shaba inaliwa kidogo kidogo mpaka kunatokea shimo jeusi upande mmoja. Kisahani kikitua kwenye shimo unasikia mlio tu, ukirudia kinakuwa kimezunguka kidogo kinatua penye shaba nzima, injini inazunguka. Ndo maana yako inakubali mara ya pili!

Kwa hiyo mimi nasema usiitupe. Stata ya kiwandani ya malori ya miaka ile inafunguka kabisa, unabadilisha vile vipande vya shaba, kaboni, bushi (vile vipete vinavyoshikilia shafti) za pande zote mbili, unasafisha, unapaka grisi kidogo tu kwenye shafti, inarudi kazini kwa miaka mingine mingi. Mimi binafsi naiamini hiyo kuliko mpya ya bei ya kutupa ambayo hujui ndani wameweka shaba kiasi gani. Ningekushauri ununue mpya kama waya za ndani zimeungua, utajua kwa harufu na rangi nyeusi, au body imepasuka pale inapofungwa kwenye injini.

Wengine watakwambia gonga na nyundo. Inasaidia ukiwa umekwama, kaboni iliyokwama inaachia, ila ikishakubali kwa nyundo peleka ikafunguliwe wiki hiyo hiyo. Na kabla hujaweka spana pale chini toa kwanza waya wa nagetivu kwenye betri, tafadhali sana, maana ule waya mnene wa stata kwenye magari mengi hauna fyuzi, spana ikigusa nati yake na chesisi kwa pamoja inawaka nyekundu mkononi mwako.